Kafuro: Mtaa wa Wageni katika Karagwe ya Zamani

Mtu akisafiri katika miji mikubwa ya dunia huonyeshwa mara nyingi mtaa mmoja uitwao mtaa wa Wachina. Uko San Francisco katika Marekani. London ulikuwapo zamani karibu na gati za mashariki, na leo uko katikati ya mji. Na katika Port Louis, mji mkuu wa kisiwa cha Morisi kilichomo katika bahari hii hii yetu ya Hindi, uko pia, si mbali na bandari. Mgeni aingiapo humo huona vibao vya maduka vimeandikwa kwa herufi nyingine, husikia lugha nyingine, na pua yake hukutana na harufu ya mapishi asiyoyajua. Hatua mia nyuma yake alikuwa Uingereza au Marekani. Sasa adhani amevuka bahari.

Siku moja tulikuwa tukizungumza habari hizo na walimu wanafunzi katika chuo chetu. Kijana mmoja atokaye Kyerwa akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, na kwetu je? Hapakuwapo mtaa wa wageni hata siku moja?" Wenzake wakacheka, maana waliona kwamba nchi ya vilima, migomba na ng'ombe haina haja na mitaa ya mji. Sisi hatukucheka. Swali lake lilikuwa jema, na jibu lake ni kwamba ulikuwapo. Haukuwa mtaa wa Wachina; ulikuwa wa Waarabu, kwa jina walau, na mahali pake paliitwa Kafuro. Habari zake ndizo tutakazozieleza hapa.

Kwanza tuseme neno moja juu ya mipaka, lisije likawachanganya vijana. Kyerwa ilifanywa wilaya peke yake mwaka 2012. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe. Na zamani za wafalme hapakuwa na mgawanyo huo. Palikuwa na Karagwe moja, nchi ya Wanyambo, chini ya Omukama wa ukoo wa Wahinda, ambaye kikale chake, yaani makao yake, kilikuwa Bweranyange. Kwa hiyo tusemapo Karagwe katika habari hizi, watu wa Kyerwa wasidhani kwamba twasema habari za majirani.

Sasa, mtaa wa wageni hutokeaje? Wengi hudhani kwamba wageni huja, hupenda mahali, hujenga. Sivyo ilivyo. Tazameni mtaa wa Wachina ulio mkongwe kuliko mingine yote ijulikanayo, ule wa Binondo katika mji wa Manila, visiwa vya Ufilipino. Wahispania waliokuwa wakitawala huko walihitaji sana biashara ya Wachina, lakini waliwaogopa. Basi mwaka 1594 gavana wao akawatengea Wachina waliobatizwa mahali pa kukaa ng'ambo ya mto Pasig, mkabala na mji wenye kuta waliokaa Wahispania wenyewe. Mahali hapo palikuwa karibu, hata bidhaa zivuke kwa mashua. Tena palikuwa mbali kidogo, hata kuwe na mto katikati. Na mizinga ya ukutani iliweza kupafikia. Hiyo ndiyo habari nzima ya mitaa ya wageni: mwenyeji amtaka mgeni mlangoni, wala hamtaki chumbani.

Karagwe nayo ilikuwa na sababu zake. Mtazame ramani. Njia kuu ya misafara ilianza pwani, Bagamoyo, ikapita Ugogo mpaka Unyanyembe, ndipo Tabora ya leo. Hapo iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, na nyingine ilipanda kaskazini, ikapita Usui, ikaingia Karagwe, ikavuka mto Kagera na kufika Buganda. Mwaka 1844 Mwarabu alikwisha fika kwa Kabaka Suna. Na Buganda palikuwa na pembe nyingi, na watumwa, na Kabaka mwenye nguvu aliyependa nguo na bunduki. Lakini mtu hakuingia Buganda kama aingiavyo sokoni. Alingoja ruhusa. Na mahali pa kungoja palikuwa Karagwe.

Ndiyo sababu Karagwe ilikuwa kama baraza ya nyumba kubwa. Mgeni aliketi barazani, habari zake zikapelekwa ndani, naye akangoja jibu. Mwingereza Speke, aliyefika Karagwe pamoja na mwenzake Grant mwezi wa Novemba 1861, hakuweza kuendelea mpaka wajumbe wa Kabaka Mutesa walipokuja kumchukua mwezi wa Januari 1862. Grant alikuwa na donda la mguu, akabaki nyuma miezi kadhaa. Waarabu nao walingoja vivyo hivyo, na mtu angojaye kila mwaka huishia kujenga nyumba.

Aliyewaweka barazani alikuwa Omukama Rumanyika. Yafaa tumtazame mtu huyu kwa makini, maana habari za Kafuro ni habari zake kuliko za Waarabu. Jirani yake wa kusini, Suwarora wa Usui, alikuwa akiwakamua wasafiri kwa hongo hata wakalia. Rumanyika alifanya kinyume. Speke alipofika mpakani alilakiwa na watu wa mfalme, na vijiji vya njiani viliagizwa kumpa chakula kwa gharama ya mfalme mwenyewe. Wazungu walioandika habari hizo walimsifu kwa ukarimu wake, na hapana shaka alikuwa mkarimu. Lakini sisi twaona kwamba alikuwa pia mwenye hesabu. Mfanya biashara aliyekamuliwa Usui alifika Karagwe amechoka na kukasirika. Akapewa maziwa na ndizi, akaulizwa habari za safari. Baada ya hayo angewezaje kuficha shanga zake nzuri?

Tena jambo hili tulipolisoma mara ya kwanza tulirudia mstari tusiamini macho yetu: Speke aliandika kwamba Rumanyika alimsalimu kwa Kiswahili chema. Mwaka 1861! Hapakuwa na shule hata moja katika nchi hii ya magharibi ya Ziwa, wala gazeti, wala serikali ya kigeni. Na mfalme wa Wanyambo aliyeketi milimani, mwendo wa miezi kutoka pwani, alikwisha jifunza lugha ya wageni wake. Mtu hujifunza lugha ya wale anaofanya nao kazi kila siku. Salamu ile peke yake yatuonyesha jinsi wageni walivyokuwa wamezoeleka katika nchi yake.

Rumanyika alimwuliza Speke pia apenda kukaa wapi: ndani ya kikale, au nje ya ua wake, au Kafuro, kama wafanyavyo Waarabu, kwenye njia iendayo Buganda. Speke alichagua kukaa nje ya ua, kwa kuwa mahali hapo palitazama ziwa zuri. Lakini angalieni maneno ya swali lenyewe. Kafuro haikuwa mahali ambapo Waarabu walijinyakulia. Ilikuwa moja ya nyumba za wageni za mfalme, pamoja na nyingine, naye ndiye aliyeigawa. Palikuwa karibu na kikale kiasi cha kuweza mtu kwenda kumwamkia mfalme, tena si ndani ya ua wake. Rumanyika hakupata kusikia habari za Binondo wala za gavana wa Kihispania. Akili ya mwenye nyumba ni moja popote.

Haya, sasa na tuingie Kafuro yenyewe. Atakayetuongoza ni Stanley, aliyefika huko mapema mwaka 1876 na kuandika aliyoyaona. Mwaka ule mahali pale palikuwa pamestawi.

Njia yashuka. Kafuro ilikuwa katika bonde refu la kwenda chini, na Stanley alikadiria kwamba vilele vya milima iliyolizunguka vilikuwa juu yake kwa futi 1,200. Chini huko palikuwa na chemchemi, na maji yake yalitoka kijito kielekeacho mashariki, kisha kaskazini, mpaka Kagera. Mtu aliyezoea Karagwe atajua mara moja sifa ya mahali kama hapo: pana maji, hapana upepo wa vilele unaouma usiku, na majani ya ng'ombe yako juu milimani pande zote. Msafara wa watu mia mbili au mia tatu waweza kupiga kambi hapo bila kugombea kisima.

Kisha zaonekana nyumba. Wanyambo walijenga msonge, nyumba ya duara ambayo nyasi zake hushuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi. Mwarabu mkuu wa Kafuro, jina lake Hamed Ibrahim, alikuwa na nyumba pana yenye paa la mgongo, miteremko miwili, kama wajengavyo watu wa pwani. Tumekwisha sema kwamba katika mitaa ya Wachina macho hukutana kwanza na herufi za vibao. Kafuro haikuwa na vibao. Paa lile ndilo lililokuwa kibao chake. Aliyelitazama kutoka mlimani alijua hapo pakaa mtu wa namna gani.

Hamed Ibrahim mwenyewe, kwa maneno ya Stanley, alikuwa mtu wa adabu, mweupe wa rangi, mkarimu kwa rafiki zake. Alikwisha kaa Afrika miaka 18, na 12 katika hiyo alikaa Karagwe. Alikwenda Buganda mara nyingi, tena Unyanyembe. Palikuwa na wafanya biashara wengine wawili wakubwa, Sayid bin Saif na Sayid Muhammad. Basi, hao ni watatu. Kafuro, mahali palipojulikana mpaka Unguja kuwa kituo cha Waarabu, ilikuwa na Waarabu wakubwa watatu.

Tulipofika hapa darasani tuliwaambia wanafunzi wachukue kalamu, kwa kuwa Hamed Ibrahim alimwambia Stanley hesabu ya mali yake, na hesabu ni kitu cha kufanyiwa kazi. Alikuwa na ng'ombe 150, mbuzi 40, watumwa 100, na pembe za ndovu 450. Nyingi za pembe hizo hazikuwa Kafuro, bali zilikuwa zimewekwa amana kwa rafiki yake, mtemi wa Urangwa katika Unyamwezi.

Anzeni na ng'ombe. Katika Karagwe ng'ombe hakuwa nyama tu. Alikuwa heshima ya mtu, na malisho yalikuwa ya mfalme. Mgeni mwenye ng'ombe 150 ni mgeni ambaye mfalme ameridhika naye. Siku ambayo mfalme haridhiki, ng'ombe hawakimbii kama mtu akimbiavyo na mkoba wake. Mali ile ilikuwa kamba aliyofungwa nayo Hamed kwa mwenyeji wake.

Kisha pembe. Ukweli kwamba zilikuwa Urangwa watuonyesha kwamba mtu huyu mwenye akili hakuweka mali yake yote katika baraza ya mtu mwingine. Lakini hebu tufikiri jinsi zilivyofika huko. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70. Pembe kubwa moja ilikuwa mzigo wa mtu mmoja, na kubwa sana ilihitaji wawili. Ndogo zilifungwa mbili mbili au zaidi. Tuseme kwa kupunguza kwamba kila mtu alichukua mbili. Ni wapagazi 225. Wapande milima ya Karagwe, wapite Usui na hongo yake, wafike Unyamwezi baada ya majuma mengi. Halafu kutoka huko mpaka pwani miezi miwili au mitatu mingine. Mwanafunzi mmoja aliyekwisha piga hesabu akasema, "Mwalimu, basi Kafuro ilikuwa ya wapagazi." Tulimwambia asubiri, bado iko hesabu moja.

Hesabu hiyo ni watumwa 100. Huyu ni Mwarabu mmoja kati ya watatu, na hata tukiacha watumwa wa wenzake wawili, tukiacha na masuria ambao Stanley aliwataja, na watoto waliozaliwa humo, na Wanyamwezi waliokuja na mizigo, na Wanyambo walioleta ndizi na maziwa, bado kwa kila Mwarabu mkubwa wa Kafuro palikuwa na watu weusi zaidi ya thelathini. Hao ndio waliokata nyasi za paa lile la mgongo. Hao ndio waliochota maji ya chemchemi. Stanley asema Hamed alikuwa mwema kwa watumwa wake. Huenda ikawa hivyo. Lakini sisi tumesoma habari hiyo mara nyingi, wala hatukuona mahali ambapo Stanley alimwuliza mmoja wa wale 100. Katika kitabu chake yako majina matatu ya Kafuro. Hakuna la nne.

Na tukumbuke mwaka. Sultani Barghash wa Unguja alikwisha tia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Miaka mitatu baadaye, katika bonde la Kafuro, mkataba ule haukuwa umebadili kitu. Utumwa katika Tanganyika haukukomeshwa kwa sheria mpaka mwaka 1922.

Yatupasa kusema pia bidhaa zilizoletwa, maana hapa ndipo bonde lile dogo lilipoungana na dunia. Nguo nyeupe iliyopendwa sana iliitwa amerikani, na jina hilo si la mchezo: ilifumwa kweli katika viwanda vya Marekani, ikaletwa Unguja kwa merikebu za mji wa Salem. Shanga nyingi zilitoka Venice katika Italia. Simbi zilitoka baharini, wala hazikuwa pambo tu, kwani Buganda zilikuwa fedha. Palikuwa na waya wa shaba nyekundu na nyeupe, na bunduki, na baruti. Na pembe zilizokwenda chini kwa mabega ya watu zilifika Uingereza na Marekani, zikapasuliwa kuwa vibao vyembamba vya kubandikwa juu ya vidole vya piano, na mipira ya mchezo wa meza, na vitana. Mtoto wa tajiri wa Boston aliyekuwa akijifunza nyimbo jioni aligusa, bila kujua, kitu kilichopita pengine katika mlima wa Karagwe.

Rumanyika alipenda shaba kuliko nguo. Stanley alionyeshwa nyumba yake ya hazina, akaona humo sanamu za ndege na za wanyama zilizofanyizwa kwa shaba, pamoja na mikuki na visu vya kazi nzuri. Wanyambo walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma tangu zamani sana. Hawakufundishwa uhunzi na Waarabu. Twataja hili kwa sababu tumewahi kusikia mtu mzima, tena aliyesoma, akisema kwamba kila kitu cha ufundi katika Karagwe kililetwa na misafara.

Lakini wageni hawakuleta bidhaa tu. Waliingia pia katika mambo ya nyumba. Rumanyika hakupata kiti chake kwa amani. Baba yake Ndagara alipokufa, kabla ya Wazungu kufika, ndugu waligombana, na vita ikawa kali. Wakati ule mfanya biashara aliyekuwa na nguvu kuliko wote katika njia ya Karagwe hakuwa Mwarabu, bali Mhindi wa Kikhoja kutoka Surat, jina lake Musa, ambaye watu walimwita Musa Mzuri. Nyumba yake kubwa ilikuwa Kazeh, karibu na Tabora. Burton, aliyekaa Kazeh mwaka 1857, alisikia kwamba Musa alitoa pembe nyingi kwa Kabaka Suna ili apeleke jeshi kumsaidia Rumanyika. Rumanyika akashinda.

Basi ule ukarimu tuliousifu hapo juu ulikuwa na deni ndani yake. Mfalme aliyesaidiwa na mfanya biashara kupata kiti hawezi kumfukuza mfanya biashara mlangoni. Na mfalme aliyesaidiwa na jeshi la jirani mwenye nguvu hawezi kumsahau jirani huyo. Rumanyika alikuwa na busara ya kubeba mizigo hiyo miwili bila kuanguka. Aliwaweka wageni Kafuro, si kikaleni. Alipeleka zawadi na maneno mazuri Buganda. Wakati wake wote baraza ilikuwa na utulivu. Lakini utulivu ule ulikaa katika kichwa cha mtu mmoja, na mtu mmoja hufa.

Alikufa karibu na mwaka 1878. Baada yake wanawe na jamaa zake waligombania kiti, damu ya Wahinda ikamwagika kwa mikono ya Wahinda, na nguvu za Buganda zikaingia zaidi katika mambo ya Karagwe. Stanley alipopita tena mwaka 1889, akirudi pwani pamoja na Emin Pasha, aliukuta ufalme umekonda. Mara baada ya hapo, miaka ya mwanzo ya 1890, ikaja sotoka, ile tauni ya ng'ombe iliyopita Afrika ya Mashariki yote. Nchi ambayo heshima yake ilikuwa ng'ombe ikaona mifupa milimani.

Hapa yule kijana wa Kyerwa aliuliza tena, na swali lake la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. "Mbona mitaa ya Wachina haikufa, na Kafuro imekufa?"

Tulifikiri kabla ya kumjibu. Mwaka 1906 mji wa San Francisco ulipigwa na tetemeko la ardhi, kisha moto, na mtaa wa Wachina ukateketea wote. Wakubwa wa mji walifurahi nusu. Walitaka Wachina wahamishwe kwenye ukingo wa mji, mbali na macho yao. Wachina hawakukubali. Palikuwa na wenye nyumba waliotaka kodi, palikuwa na vyama vya ukoo na vya wafanya biashara, na serikali ya China iliwatetea kwa mdomo wa wajumbe wake. Wakajenga upya pale pale. Wala msidhani kwamba walikuwa wanapendwa. Tangu mwaka 1882 palikuwa na sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani, na haikufutwa mpaka 1943. Pengine chuki hiyo yenyewe iliwakaza pamoja. Mtu asiyekubaliwa kupanga nyumba mitaa mingine hujenga ile aliyo nayo mpaka iwe imara.

Kafuro haikuwa na hata moja katika hayo. Haikuwa na hati ya ardhi, wala chama, wala serikali ya kuitetea. Watumwa hawakuwa na sababu ya kuipenda, wapagazi walikuwa wapitaji, na Waarabu wakubwa walikuwa na mali zao amana Urangwa. Ilisimama juu ya nguzo mbili tu: urafiki wa Omukama, na njia ya kwenda Buganda. Ya kwanza ilivunjika mwaka 1878.

Nguzo ya pili ilivunjwa na watu ambao labda hawakupata kulisikia jina la Kafuro. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walipatana huko Ulaya, wakachora mpaka katikati ya njia ile ya zamani. Buganda ikawa upande wa Waingereza na Karagwe upande wa Wajerumani. Mwishoni mwa mwaka ule ule Emin Pasha, sasa akiwa mtumishi wa Wajerumani, akaanzisha boma kando ya Ziwa, mahali paitwapo Bukoba. Mwaka 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ikafika kwenye Ziwa, na meli zikaanza kuchukua kwa siku chache mizigo ambayo zamani ilichukuliwa kwa miezi. Wahindi wakafungua maduka Bukoba. Mtaa wa wageni ukahama kutoka bondeni kwenda ufukoni, ukapata mabati na vibao.

Katika miji yetu mikubwa mambo hayo bado yaendelea. Leo mtu akienda Kariakoo, Dar es Salaam, atawakuta wafanya biashara wa Kichina wakiuza na kununua kati ya Waswahili, Wachaga, Wahindi na Wapemba, na baadhi yao wasema Kiswahili cha sokoni kwa haraka kuliko sisi. Na jina la Kariakoo lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiweka mahali pale katika vita ya mwaka 1914 hata 1918. Wale wapagazi wa Kafuro hawakuachiwa mahali penye jina lao.

Wanafunzi wetu walipokwisha hesabu zao tuliwachorea njia mbili ubaoni, moja kwa chaki nyeupe na nyingine kwa nyekundu. Ile nyeupe ni ya wakati wa Rumanyika: yatoka kusini, yashuka bondeni mpaka kwenye chemchemi, kisha yapanda kaskazini mpaka Kagera. Ile nyekundu ni ya wakati wa kahawa: yatoka vilimani Karagwe, yaelekea mashariki moja kwa moja mpaka Bukoba, kwenye gati la meli. Njia hizo mbili zakutana mahali pamoja tu na kuachana. Aliyekuwa na gunia la kahawa begani alifuata nyekundu, na bonde la Kafuro likabaki magharibi, nyuma ya mgongo wake.